Kopo Uliloliingiza Ndani ni Lako

Wanangu na wajukuu zangu, ninyi mlioanza maisha juzi katika vyumba vya kupanga Mbagala, Tandika na Buguruni, na wewe uliyetoka Masasi au Singida kuja kutafuta riziki mjini na sasa unajipikia mwenyewe kwa mara ya kwanza: nina neno nanyi. Ni neno la makopo, chupa, viroba na mifuko, vile vyote vinavyoingia nyumbani vimebeba chakula na kubaki baada ya chakula kuliwa. Msilidharau. Katika haya nitakayosema yamo yanayomfukarisha mtu polepole, na yamo yanayoweza kumwua mtoto kabla jua halijatua.

Kifungashio ukishakiingiza ndani ni chako mpaka mwisho wake. Fedha unazompa mzoa taka hazikifuti. Zinakihamisha tu kutoka mlangoni pako kwenda mlangoni pa mwenzio. Dar es Salaam inalijua hili kwa uchungu. Taka za jiji zilimwagwa Tabata miaka na miaka, moshi na harufu vikiwaingilia watu majumbani, mpaka wakazi walipofungua kesi mwaka 1988 dhidi ya Halmashauri ya Jiji, na mahakama ikawapa haki yao. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Watu wa Mtongani nao hawakukubali, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991. Zikahamia Vingunguti, zikahamia Mtoni, na leo zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Kila zilipoondoka kwa watu zilikwenda kwa watu. Basi unapofunga fundo la taka za wiki nzima na kulitoa nje, ujue kuna mtoto anayekulia Pugu, naye ana mapafu kama ya mwanao.

Sisi tuliolea watoto miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya Vita vya Kagera, hakuna semina iliyotufundisha kutunza vyombo. Dhiki ndiyo iliyotufundisha. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na mafuta ya kula hukupimiwa kama hukwenda na chupa. Chupa ilikuwa mali ya nyumba, na mtoto aliyeivunja alijua amewavunjia wote. Kopo la maziwa lilipimia mchele. Kopo dogo likatiwa utambi, likawa kibatari. Debe lilipimia mahindi, na likichoka fundi bati wa Gerezani alilipasua akatoa jiko la mkaa. Vipande vilivyobaki watoto waliviokota wakaunda magari, magurudumu yake kandambili zilizokatika. Na kabla ya makopo, wazee wetu wa pwani walikuwa na nazi: makumbi yakasokotwa kamba, kifuu kikawa upawa na kata, makuti yakaezeka nyumba na kusukwa pakacha la samaki, chicha wakapewa kuku. Hapakubaki cha kutupa.

Siitamani dhiki ile wala siwaombei. Ninachotaka msikipoteze ni lile jicho la kuona chombo pale ambapo leo mnaona taka. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea: vyombo vya leo si vya jana. Jana ilikuwa kioo, bati na majani. Leo ni plastiki, na plastiki ina tabia zake. Anayeitumia tena bila kuijua anaweza kuiletea nyumba yake sumu huku akidhani anaweka akiba.

Tuanze na kumaliza kilichomo, kwa kuwa kifungashio hakijamaliza kazi yake ya kwanza kama bado kina chakula. Nimewaona mkitupa kopo la siagi ya karanga lenye karanga ya kutosha kuunga mchicha. Tia maji ya vuguvugu kidogo, funga, tikisa, mimina sufuriani. Kopo la nyanya lisuuze kwa maji yaleyale utakayotia kwenye mchuzi. Dumu la mafuta liinamishe juani mdomo ukiwa ndani ya bakuli. Joto huyalegeza mafuta yaliyoganda pembeni, na jioni utakuta ya kukaangia kitunguu. Kiroba cha unga kigeuze nje ndani ukikung'ute kabla hakijaenda kokote. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula madukani, kwenye migahawa na majumbani, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Hoteli kubwa ndizo tunazopenda kuzilaumu, kumbe jiko la nyumbani limezipita zote. Tena chombo kilichobaki na chakula ni kigumu kukitumia tena: kinanuka, kinaita sisimizi na panya, na hata mnunuzi wa chupa chakavu anakikataa.

Kisha tazameni mnavyonunua. Mnapenda vipakiti: nyanya ya kipakiti, majani ya chai ya kipakiti, kahawa ya kipakiti, viungo vya kipakiti. Naelewa, fedha inakuja kidogo kidogo na matumizi yanakwenda nayo. Lakini kipakiti kile ni tabaka juu ya tabaka, plastiki na karatasi ya bati vimegandishwa pamoja kiasi kwamba hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa faida. Hakuna mzee wa chuma chakavu atakayekinunua, na hakiozi. Mkiwa wapangaji wanne uani, changeni mnunue kopo moja au kifuko kikubwa, mgawane. Mtapata zaidi kwa fedha ileile, na litabaki kopo moja lenye faida badala ya vipakiti vinavyopeperuka mtaani na kuziba mtaro mpaka maji ya mvua yanawaingilia chumbani.

Mafuta ya kupima bado yapo katika maduka ya mtaani kwenu, nendeni na chupa. Leo muuzaji anamimina mafuta kwenye kifuko laini na kukifunga fundo. Ukifika nyumbani unakikata, robo ya kijiko imebaki ndani, na kifuko kinakwenda jalalani. Chupa yako ingekwenda na kurudi mwaka mzima. Mtindi na supu vina bakuli lenye mfuniko. Chipsi zina hotpoti. Sokoni kuna kikapu cha ukili, ambacho kikichakaa kinaoza na kuwa udongo bila kumdhuru mtu. Sheria nayo iko upande wenu: Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ile ya rambo ikaondoka, watu wakakimbilia vifuko vyepesi visivyo na mikono, wakaendelea na mwendo uleule. Sheria peke yake haiwezi kumshikia mtu kikapu.

Na mjue mnachokishika. Mwaka 2019 jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa Lamu na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda kwa plastiki na kandambili zilizookotwa, lilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Kitu chenye nguvu ya kubeba mabaharia juu ya mawimbi ya kaskazi ndicho mnachokitumia kubebea vitumbua viwili kutoka barabarani hadi kitandani.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Chombo kimoja, kazi moja. Chupa iliyokuwa ya juisi inaweza kuwa ya mafuta ya kula, ya asali, ya ubuyu, ya choroko. Isiwe kamwe ya mafuta ya taa, ya jiki, ya dawa ya mende, ya maji ya betri. Mtoto wa miaka miwili hasomi karatasi uliyobandika. Anajua umbo. Amezoea kwamba ndani ya chupa ya namna ile hutoka kitu kitamu. Mafuta ya taa yanafanana na maji, chupa iko chini ya meza, mama yuko uani anafua, mtoto ana kiu. Hivyo tu. Mafuta ya taa ni miongoni mwa sumu zinazowapata watoto mara nyingi zaidi katika nchi zetu, na mara nyingi huwa ndani ya chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mzazi aliyeihifadhi chupa ile alikuwa mwangalifu, hakutaka kuitupa. Uangalifu nusu umemletea msiba kamili.

Kama bado mnatumia mafuta ya taa, yawekeni kwenye dumu lake, lenye rangi isiyofanana na chombo chochote cha chakula, juu ambako mkono wa mtoto haufiki, mfuniko umekazwa. Na likitokea la kutokea, msifanye lile ambalo woga utawatuma kulifanya. Msimtapishe. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike, msimtie kidole kooni. Hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia kwenye mapafu, na mtoto anapotapika ndipo yanapopata njia. Mkimbizeni hospitali, na ile chupa mwende nayo daktari aione. Mwambieni hivyo na yaya, na dada wa kazi, na bibi aliyekuja kuwatembelea kutoka kijijini, kwa sababu hamtakuwapo siku zote.

Kurudi nyuma nako ni marufuku. Dumu lililobeba dawa ya kuulia wadudu wa shambani, dawa ya kuogeshea mifugo, rangi ya nyumba au oili ya gari halirudi jikoni, hata ulisugue kwa mchanga na majivu mpaka ling'ae. Plastiki hunywa kile ilichobeba na kukitoa taratibu katika maji utakayotia baadaye. Madumu hayo huuzwa mtaani yamechanganyika na yale ya mafuta ya kula. Nusa. Soma maandishi. Muulize muuzaji limetoka wapi, na asipokuwa na jibu liache palepale ingawa bei yake ni nzuri. Na kama wewe ndiye mwenye shamba, dumu la dawa likiisha lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia uyarudishe ndani ya bomba la kupulizia, kisha ulitoboe ili asije mwingine akalifanya la kuchotea maji.

Joto ni adui wa pili. Geuza chombo utazame kitako chake: pana pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Chupa nyingi za maji na soda ni namba 1. Madumu mengi ni namba 2. Vyombo vingi vya majarini na mtindi ni namba 5, na hivi ndivyo vya kutunza zaidi kwa vyakula vikavu na vilivyopoa. Vyenye namba 3 na 6 msivirudishie chakula. Ile namba 1 haikutengenezwa kwa moto. Ukiitia uji unaochemka inajikunja mbele ya macho yako, na kilichojikunja kinaachia dawa zilizokitengeneza ndani ya uji wa mtoto. Itieni maji baridi, nafaka, viungo. Ikianza kukwaruzika ndani au kuwa na ukungu usiotoka, imemaliza kazi ya chakula. Ikateni, ipandieni mche wa pilipili.

Wapo wapishi, hata wapishi wazuri, wanaofunika wali kwa mfuko wa nailoni ili uive kwa mvuke. Nawasihi waache. Mfuko ule unachemka pamoja na wali unaokwenda kuwalisha watu. Jani la mgomba lilifanya kazi hiyo kabla ya nailoni kuzaliwa, nalo linaongeza harufu nzuri. Na kama huna mgomba, mfuniko unaobana wenye makaa juu yake unatosha kabisa. Kadhalika magazeti na karatasi za mitihani ya zamani. Andazi la moto likifungwa humo, mafuta yake huvuta wino, na wino haukuwekwa pale uliwe. Magazeti ni mazuri ya kufutia vioo na kufungia vyombo wakati wa kuhama. Andazi liende kwenye bakuli lako.

Halafu kuna moto wenyewe. Hapa nasema kwa ukali, na asiyependa anisamehe. Acheni kuwashia jiko kwa plastiki! Najua inashika upesi, najua mkaa wa siku hizi ni mbichi na mvua imelowesha kila kitu. Lakini moshi ule mweusi unaokaa kooni si moshi wa kuni. Plastiki nyingine, hasa yenye klorini kama ile namba 3, ikiungua kwa moto mdogo wa namna hiyo hutoa dayoksini, sumu inayohusishwa na saratani na inayokaa mwilini miaka. Anayeivuta kwanza ni aliyeinama kupuliza jiko, na mgongoni mwake mara nyingi pana mtoto. Kianikeni kinachowaka vizuri na ambacho mnakitupa kila siku: maganda ya machungwa. Yakikauka yana mafuta yake na yanashika moto kwa furaha. Makumbi ya nazi, vifuu, magunzi ya mahindi, trei za mayai za karatasi, vyote hivyo vinatoka jikoni mwenu. Wekeni kiroba kimoja kikavu pembeni kwa ajili hiyo na hamtaitamani rambo tena.

Nimekataza mengi, basi niwape na la kuwafurahisha. Zile chupa za maji za lita moja na nusu mnazozilalia chini ya kitanda ni ghala bora la kunde na maharage. Mnanunua maharage kwa bei nafuu wakati wa mavuno, baada ya miezi miwili yamebunguliwa, unga unamwagika mkononi. Fanyeni hivi. Anikeni chupa na mfuniko wake mpaka pasibaki hata tone. Anikeni maharage nayo, mpaka punje ukiing'ata ivunjike na isibonyee. Jazeni kidogo, gongeni kitako cha chupa chini ili punje zikae, jazeni tena, gongeni tena, mpaka mdomoni kabisa pasiwe na nafasi ya hewa, kisha mkaze mfuniko. Hewa kidogo iliyobaki kati ya punje wadudu wenyewe wataimaliza kwa kuivuta, na ikiisha watakufa au watashindwa kuzaana. Elimu hiyohiyo ndiyo iliyo ndani ya mifuko ya tabaka tatu ya PICS wanayouziwa wakulima. Msifungue chupa kuchungulia. Fungueni ile mnayoila wiki hiyo. Ndiyo maana chupa nyingi ndogo ni bora kuliko ndoo moja kubwa inayofunguliwa kila jioni.

Lakini ukavu msiufanyie haraka, hasa kwa karanga na mahindi. Nafaka yenye unyevu ikifungwa hivyo inaota ukungu, na ukungu una sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi ya nyumbani kwao. Kupika hakuiondoi. Punje iliyobadilika rangi au iliyokunjamana tupeni bila huruma.

Vyombo vya kioo ni neema, msiviache vipite. Chupa ya jemu inachemshika. Iweke kwenye sufuria ya maji ya baridi, ipate moto pamoja na maji isije ikapasuka, na ukiitoa iache ikauke kwa hewa. Humo achari ya ndimu na ya maembe itakaa bila wasiwasi, kwa kuwa chumvi, siki na pilipili havina la kukifanya kioo. Msitie achari kwenye kopo la bati. Litakula kutu, na achari itakula ladha ya kutu. Madumu ya maji ya kunywa yaoshwe kila wiki hata kama yanaonekana safi. Tieni sabuni, maji na kiganja cha mchele, tikiseni kwa nguvu. Punje husugua pale mkono usipofika. Yakae kivulini, kwani jua ndilo linaloleta ule utando wa kijani.

Nje ya nyumba kuna hesabu nyingine. Kopo lililoachwa wazi uani, kitako cha dumu lililokatwa, tairi, hata kifuniko cha ndoo, mvua ikinyesha linakuwa kitalu cha mbu wa dengue. Dar es Salaam iliugua dengue mwaka 2014, ikaugua tena mwaka 2019. Mbu yule huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimwokoi anayepika, na anataka maji kidogo tu. Mayai yake huyabandika kwenye ukuta wa chombo juu ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri mvua. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Sugua kuta za ndani, kisha kipindue chombo au ukitie chini ya paa. Mnaoweka makopo uani kwa nia ya kuyatumia siku moja, siku hiyo muipange.

Na hilo linanileta kwa wale wanaonielewa kupita kiasi. Kutunza kila kitu si kutunza. Chumba cha futi kumi kwa kumi hakiwezi kuwa bohari, na chupa hamsini zilizojaa vumbi na kinyesi cha mende si akiba. Chagueni zile ambazo kazi yake mnaijua leo, zilingane kwa ukubwa ili mifuniko isipotee. Zinazobaki zisuuzeni, mzikaze mifuniko, mzitie kwenye kiroba chake peke yake, zisichanganyike na maganda na majivu. Mama anayepita na gunia akikusanya chupa hulipwa kwa kilo, na chupa safi zinamwondolea kazi ya kuingiza mikono jalalani. Kabla ya kumpa yeye, waulizeni majirani. Yuko anayeuza karanga stendi, yuko anayeuza ubuyu shuleni, yuko aliyeletewa asali kutoka Tabora na hana cha kuipimia. Wao hununua chupa tupu kwa fedha. Mwulize anataka za ukubwa gani, na mpelekee zikiwa zimekauka.